Sehemu isiyohama: ROM, RAM na ubadilishaji wa benki kwenye Amstrad CPC

Andika mstari mmoja kwenye kompyuta ya nyumbani ya Amstrad CPC 464, tuseme 10 PRINT "A", kisha ubonyeze ENTER. Mstari huo unawekwa kwenye RAM, kumbukumbu inayoandikika, kuanzia anwani &0170. (Alama ya & inaonyesha kwamba namba ni ya heksadesimali; ndivyo BASIC ya Amstrad inavyoziandika, nami nitafuata hivyo hadi mwisho, isipokuwa kwenye Commodore 64, ambako desturi ni kutumia $.) Sasa fungua ROM, kumbukumbu ya kusomwa tu, ya mashine hiyohiyo uangalie anwani &0170. Utakuta pia kuna kitu pale: msimbo wa Z80, kichakataji cha mashine hii, ambao ni sehemu ya programu dhibiti, yaani programu ya kudumu inayoendesha maunzi. Anwani ni moja, yaliyomo ni mawili, na yote mawili yanatakiwa ili herufi A itokee kwenye skrini. BASIC lazima isome mstari wako, na programu dhibiti lazima ichore herufi.

Naandika emuleta ya CPC, yaani programu inayoiiga mashine hiyo, nyakati za jioni, na hapa ndipo nilipoipenda mashine hii kwa dhati. Wapenzi wengi wa kompyuta za nyumbani za miaka ya 1980 huzungumzia rangi, sauti na michezo. Kinachonivuta mimi ni hili la kumbukumbu: jinsi kichakataji kisichoweza kuona zaidi ya kilobaiti 64 kilivyofanywa kiishi na kilobaiti 96, na mtumiaji asihisi kitu.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Z80 ina laini 16 za anwani. Laini 16 zinatoa anwani 65,536, yaani kilobaiti 64, na upeo wake unaishia hapo. CPC 464 ilipotoka mwaka 1984 ilikuwa na RAM ya kilobaiti 64 kamili, na juu yake ROM ya kilobaiti 32. Kwa hiyo kuna kilobaiti 32 ambazo hazina anwani za kwao. Dawa yake ndiyo tunayoiita kubadilisha benki: weka vitu viwili kwenye anwani zilezile, kisha weka swichi inayoamua kipi kitajibu kichakataji kinaposoma.

Kwenye CPC ile ROM imegawanywa vipande viwili vya kilobaiti 16. Kipande cha chini kinakaa &0000 mpaka &3FFF, na hicho ndicho programu dhibiti: kibodi, skrini, kaseti, sauti, ratiba ya matukio. Kipande cha juu kinakaa &C000 mpaka &FFFF, nacho ni BASIC ya Locomotive Software. Katikati, kuanzia &4000 mpaka &BFFF, hakuna ROM yoyote. Kilobaiti 32 za katikati ni RAM muda wote, kwenye 464 hazihami kamwe. Shika jambo hilo la katikati, maana kila kitu kitakachofuata kinaliegemea.

Swichi yenyewe imo ndani ya chipu inayoitwa Gate Array, na inaguswa kwa kuandika baiti kwenye poti &7F. Mfano wa msimbo ninaoukuta tena na tena kwenye michezo ya zamani ni huu:

DI
LD BC,&7F8D
OUT (C),C

DI inazuia ukatizaji, yaani ishara zinazokikatiza kichakataji katikati ya kazi, na mistari miwili inayofuata inaandika &8D kwenye poti. Ivunje &8D kwa mfumo wa jozi: 10001101. Biti mbili za kushoto, 10, zinaiambia Gate Array kwamba hii ni amri ya ROM na hali ya skrini. Biti ya 3 ikiwa 1 inazima ROM ya juu. Biti ya 2 ikiwa 1 inazima ROM ya chini. Biti mbili za mwisho, 01, zinachagua hali ya 1 ya skrini, ile ya rangi nne. Baada ya mistari hiyo mitatu kichakataji hakioni ROM yoyote. Kilobaiti zote 64 ni RAM, na mchezo unafanya utakavyo.

Kuna kanuni mbili za maunzi ambazo zisipoeleweka mapema zitakuchanganya baadaye. Ya kwanza: swichi hii inahusu kusoma tu. Ukiandika, baiti inakwenda kwenye RAM daima, hata kama ROM ndiyo iliyo wazi mahali hapo. Ya pili: sehemu ya mashine inayochora picha haijui habari za ROM kabisa. Inasoma RAM moja kwa moja. Kumbukumbu ya skrini ya CPC kwa kawaida iko &C000, chini ya ROM ya BASIC, na picha inaendelea kuonekana bila shida hata wakati BASIC imeifunika. Kichakataji ndicho kilichofunikwa macho, chipu za video hazijafunikwa.

Sasa turudi kwenye ile A.

BASIC inapoendesha programu yako, hali ya mashine ni hii: ROM ya juu imewashwa, kwa sababu BASIC yenyewe inakaa humo, na ROM ya chini imezimwa, kwa sababu chini kuna mstari wako wa &0170. BASIC inaona msimbo wake na inaona programu yako, haioni programu dhibiti wala kumbukumbu ya skrini. Inapofika wakati wa kuchapa herufi, hali inageuka kinyume kabisa: ROM ya chini inawashwa, ya juu inazimwa. Programu dhibiti sasa inaona msimbo wake na inaona skrini, haioni BASIC wala programu yako. Ikishachora, mambo yanarudishwa kama yalivyokuwa.

Nimeiwekea emuleta yangu kifaa kinachochapa mstari kila mara hali ya ROM inapobadilika, na hata PRINT ya herufi moja inatoa orodha ndefu: chini RAM juu ROM, chini ROM juu RAM, chini RAM juu ROM, na kuendelea. Nilipoitazama orodha hiyo nikaelewa kwamba huu haukuwa ujanja wa kubana kumbukumbu tu. Mtu alikaa akajiuliza kila tabaka linahitaji kuona nini, akapanga ramani ili kila moja lione kinacholihusu na lisione kingine. BASIC haina haja ya kuisoma skrini. Programu dhibiti haina haja ya kuusoma mstari wako. Ndiyo maana 464 inamwachia mwandishi wa BASIC zaidi ya kilobaiti 42, ingawa skrini peke yake inachukua 16.

Lakini kuna swali ambalo kila mwanafunzi wa jambo hili lazima alikabili: nani anaibonyeza swichi? Kichakataji kinasoma amri moja baada ya nyingine kutoka kwenye kumbukumbu. Ikiwa amri ya kuzima ROM ya juu imo ndani ya ROM ya juu, basi baada ya kuitekeleza, amri inayofuata itasomwa kutoka kwenye RAM iliyo chini yake, yaani kutoka kwenye nukta za skrini. Huko ni kukata tawi ulilokalia. Mashine itatekeleza picha kana kwamba ni msimbo, na ndani ya sekunde ndogo sana itakuwa imepotea.

Kwa hiyo msimbo unaobadilisha benki lazima ukae mahali ambapo mabadiliko hayafiki. Naamini hili ndilo jambo lenyewe katika somo zima. Ukitaka kujua kama mfumo wa namna hii umesanifiwa vizuri, usianze na swichi wala na idadi ya benki. Tafuta sehemu isiyohama, uone ni kubwa kiasi gani, iko wapi, na nani anaruhusiwa kuigusa.

CPC ina sehemu mbili za namna hiyo. Moja ni ile RAM ya katikati, na hasa sehemu yake ya juu. Mashine inapowashwa, programu dhibiti inanakili vipande vidogo vya msimbo kutoka kwenye ROM na kuviweka karibu na &B900. Humo mna taratibu za kuwasha na kuzima kila ROM, na za kuchagua ROM nyingine. Hata staki, rundo ambamo kichakataji huweka anwani za kurudia, inaanzia &C000 ikishuka chini, hivyo nayo imo katika eneo salama. Hilo ni la lazima: kama staki ingekuwa chini ya ROM, anwani ya kurudia ingeandikwa kwenye RAM na kusomwa kutoka kwenye ROM, na hakuna programu ambayo ingerudi nyumbani.

Sehemu ya pili ni ndogo sana, nayo ndiyo inayonifurahisha kuliko zote. Baiti 64 za kwanza, &0000 mpaka &003F, zipo kwenye ROM ya chini na zimenakiliwa pia kwenye RAM iliyo chini yake. Ukisoma &0008 utapata amri ileile, ROM ikiwa imewashwa au imezimwa. Kwa nini hapo? Kwa sababu Z80 ina amri za RST, miito ya baiti moja tu inayoruka kwenda &0000, &0008, &0010 na kuendelea mpaka &0038. Waundaji wa CPC walizichukua karibu zote wakazigeuza kuwa amri za kuruka kati ya benki. Ni kana kwamba walikiongezea kichakataji msamiati mpya ambao Zilog, waliokiunda, hawakukipa.

Tuifuate RST 1 hatua kwa hatua. BASIC inapotaka kuchapa herufi inaita anwani &BB5A, ambayo iko kwenye RAM ya katikati. Pale, kwenye 464, kuna baiti tatu tu: CF 00 94. CF ni RST 1. Baiti mbili zinazofuata ni anwani, ndogo kwanza, hivyo isome &9400. Lakini si anwani ya kawaida. ROM ya chini ina kilobaiti 16, na kilobaiti 16 zinahitaji biti 14 tu, hivyo biti mbili za juu zinabaki bila kazi. Zikapewa kazi: biti ya 15 ikiwa 1, zima ROM ya juu, biti ya 14 ikiwa 1, zima ROM ya chini. Katika &9400, biti ya 15 ni 1 na ya 14 ni 0. Maana yake: zima ya juu, washa ya chini, kisha ruka kwenda &1400. Na huko &1400 ndiko uliko msimbo wa kuchapa herufi.

Kila kitu kimo ndani ya baiti tatu: wapi pa kwenda, na ulimwengu uweje utakapofika. Msimbo wa RST 1 unazisoma baiti hizo mbili kwa kufuata anwani ya kurudia iliyo kwenye staki, unabadilisha hali, unaweka kwenye staki njia ya kurudisha hali ya zamani, kisha unaruka. Mwitaji hana habari. Aliita &BB5A, akapata jibu, akaendelea na kazi.

Kuanzia &BB00 kuna jedwali refu la miruko ya namna hii, moja kwa kila huduma ya programu dhibiti. Kwenye CPC 6128 ya mwaka 1985 ROM iliandikwa upya, na msimbo wa kuchapa herufi ukahamia &13FE. Jedwali halikuhama. Programu iliyoita &BB5A mwaka 1984 iliendelea kufanya kazi, na iliyoruka moja kwa moja kwenda &1400 ilivunjika. Amstrad walichapisha kitabu kizima kinachoeleza jedwali hili, huduma kwa huduma, rejista kwa rejista (rejista ni hifadhi ndogo zilizo ndani ya kichakataji), na mpaka leo ndicho ninachokifungua kwanza ninapokwama.

Kuna huduma moja ndogo inayostahili kutajwa hapa. Ukiandika PRINT PEEK(&C000) kwenye BASIC, utapata baiti ya skrini, wala si baiti ya ROM. Fikiri kidogo: BASIC inakaa &C000. Inawezaje kusoma kilicho chini yake yenyewe? Haiwezi. Inatumia RST 4, ambayo inaupeleka utekelezaji kwenye RAM ya katikati, inazima ROM zote mbili, inasoma baiti moja, inarudisha hali, kisha inarudi. Safari yote hiyo ni kwa ajili ya baiti moja. Ni polepole, lakini ni sahihi, na mtu anayejifunza BASIC anaona RAM ilivyo bila hata kujua kuwa kuna ROM njiani.

Sasa tatizo la kukumbuka. Ile poti ya Gate Array inaandikwa tu, haisomeki. Huwezi kuiuliza "sasa ROM ipi imewashwa?" Na kwa kuwa baiti ileile inabeba hali ya skrini, ukiandika bila kujua hali iliyopo utageuza skrini ya safu 80 kuwa ya safu 40. Kwa hiyo lazima kuwe na nakala ya baiti ya mwisho iliyoandikwa. Mashine nyingi huiweka kwenye RAM. CPC inaiweka ndani ya kichakataji. Z80 ina seti ya pili ya rejista, inayobadilishwa kwa amri ya EXX, na programu dhibiti imejitwalia jozi ya BC ya seti hiyo: B ina &7F, namba ya poti, na C ina hali ya sasa. Ukitaka kubadilisha benki: EXX, geuza biti moja ya C, OUT (C),C, EXX. Hakuna kusoma kumbukumbu, hakuna kutafuta anwani, na kasi yake inatosha hata kama jambo hilo litafanywa maelfu ya mara kwa sekunde.

Gharama yake ni kwamba seti ya pili si yako tena. Gate Array inatoa ukatizaji mara 300 kwa sekunde, na kila ukatizaji unapitia &0038, ndani ya zile baiti 64 zilizo pande zote mbili, kisha unatumia BC ile. Mwandishi wa asembli aliyezoea kutumia EXX kwenye Z80 nyingine akija CPC bila kujua hili, mashine yake itaanguka bila mpangilio, kila mara mahali tofauti. Naiona gharama hiyo kuwa ya haki. Rejista chache za ziada ni bei ndogo kwa mfumo mzima wa benki unaoaminika.

Commodore 64 ya mwaka 1982 ni mfano wa tofauti kubwa, na nitausema upendeleo wangu waziwazi: maunzi yake ni mazuri kuliko ya CPC, lakini programu yake haikuyatumia. RAM kilobaiti 64, ROM ya BASIC kilobaiti 8 kwenye $A000, ROM ya mfumo iitwayo KERNAL kilobaiti 8 kwenye $E000, na kwenye $D000 mna tabaka tatu: RAM, maumbo ya herufi, na rejista za video na sauti. Swichi iko kwenye anwani ya 1, ndani ya kichakataji cha 6510 chenyewe, na inaweza kusomwa kama inavyoandikwa. Biti tatu, chipu moja ya PLA inayozitafsiri, basi.

Lakini mashine ikiwaka inasema 38911 BASIC BYTES FREE. Namba hiyo ni 40,960 toa 2,049: mwanzo wa ROM ya BASIC toa mwanzo wa programu yako. BASIC ilichukua RAM mpaka ilipokutana na ROM yake yenyewe, ikasimama. RAM iliyo chini ya ROM ipo, imelipiwa, lakini BASIC haiigusi, kwa sababu hakuna tabaka la kuibadilishia benki kila inapohitaji. Kazi hiyo ameachiwa mwandishi wa programu.

Hata hivyo kuna zoezi moja kwenye C64 ambalo nampa kila anayetaka kuelewa kanuni ya "kusoma ROM, kuandika RAM". Andika:

FOR I=40960 TO 49151:POKE I,PEEK(I):NEXT
POKE 1,54

Mstari wa kwanza unaonekana kama upuuzi: chukua baiti, irudishe ilipotoka. Lakini PEEK inasoma ROM na POKE inaandika RAM iliyo chini yake, hivyo ukimaliza umenakili BASIC nzima, baiti 8,192. Mstari wa pili unazima ROM. BASIC inaendelea kufanya kazi kana kwamba hakuna kilichotokea, ila sasa inaishi kwenye RAM, na unaweza kubadilisha neno READY liwe lolote lenye herufi zinazotoshea. Ukianza na POKE 1,54 bila kunakili kwanza, BASIC inatoweka ikiwa katikati ya sentensi.

Ukizima na KERNAL, kumbuka kwamba 6510 inatafuta anwani ya kushughulikia ukatizaji mwishoni kabisa mwa kumbukumbu, $FFFE na $FFFF, na KERNAL ndiyo iliyokuwa imeziandika pale. Ndiyo maana msimbo wote wa C64 wa namna hii unaanza na SEI: nyamazisha ukatizaji kwanza, zima, kisha weka anwani zako mwenyewe kwenye RAM. C64 haina zile baiti chache zilizo sawa pande zote. Unazijenga mwenyewe.

BBC Micro ya Acorn, ya mwaka 1981, ilichagua njia rahisi kuliko zote, na nadhani ndiyo imara kuliko zote. RAM ya chini, kilobaiti 32 kwenye Model B, haihami. Mfumo endeshi ulioko &C000 kwenda juu hauhami. Kinachohama ni dirisha moja tu, &8000 mpaka &BFFF, ambalo linaweza kuonyesha ROM moja kati ya 16. Nusu ya chini na robo ya juu zimetulia. Robo moja ndiyo inayocheza. Ukitoa amri inayoanza na nyota (*) ambayo mfumo hauijui, unaziuliza ROM moja baada ya nyingine, kuanzia namba 15 kushuka mpaka 0: "Amri hii ni yako?" ROM inayoitambua inafanya kazi na kuweka sifuri kwenye rejista A, na kuuliza kunakoma.

Swichi yake, anwani &FE30, nayo haisomeki, hivyo nakala inawekwa &F4. Na hapa kuna somo zuri la mpangilio. Ni lazima uandike &F4 kwanza, &FE30 baadaye. Jaribu kinyume: umeandika namba mpya kwenye &FE30, kabla hujaandika &F4 ukatizaji unaingia. Mfumo unaziuliza ROM nyingine, na ukimaliza unairudisha ile inayotajwa na &F4, ambayo bado ni ya zamani. Unarudi kwenye msimbo wako, unaandika &F4 mpya, na sasa nakala inasema jambo moja huku maunzi yakisema jingine. Kwa mpangilio sahihi, ukatizaji ukiingia katikati unakusaidia tu: unaiweka ROM mpya kabla yako. Amri mbili, mpangilio mmoja ulio sahihi, na kosa ambalo lingejitokeza mara moja kati ya maelfu.

ZX Spectrum ya kilobaiti 48 haikuwa na swichi yoyote ya ROM. Sinclair walipotoa Interface 1 mwaka 1983, wakiwa na ROM ya ziada ya kilobaiti 8 kwa ajili ya Microdrive, kifaa chao cha kuhifadhia faili, walifanya jambo ambalo bado linanishangaza. Kifaa kinatazama laini za anwani. Kichakataji kikienda kuchukua amri kwenye &0008, kifaa kinaizima ROM ya mashine na kuweka yake. Kwa nini &0008? Kwa sababu ndipo ROM ya Spectrum inapokimbilia kila inapokutana na kosa. BASIC inakutana na amri isiyoiweza, inapiga RST 8 ili itangaze kosa, na papo hapo ROM nyingine inashika usukani, inauangalia mstari upya na kuuliza kama ni amri yake. Ikiwa si yake, inaachia, na kosa linatangazwa kama kawaida. Kurudi ni kwa kupitia &0700. Benki inabadilishwa na kule unakokwenda tu, hakuna OUT, hakuna rejista. Mlango wa makosa ukawa mlango wa kuongezea mfumo uwezo.

Spectrum 128 iliyofuata ilitumia poti ya kawaida, &7FFD, isiyosomeka, na nakala yake kwenye anwani 23388. Ina biti moja ambayo sijaiona kwingine kwenye kompyuta za rika lake: biti ya 5 ikiwekwa 1, poti inajifunga na haifunguki mpaka mashine izimwe au iwashwe upya. Hivyo ndivyo 128 inavyojigeuza kuwa 48 ya kweli kwa ajili ya programu za zamani.

MSX, nayo ya 1983, ilikwenda mbali zaidi: kumbukumbu imegawanywa kurasa nne za kilobaiti 16, na kila ukurasa unaweza kuchukuliwa kutoka soketi yoyote kati ya nne, na kila soketi inaweza kugawanywa nne tena. Kwenye karatasi inavutia. Kwa mwandishi wa programu inachosha, kwa sababu hata RAM haina mahali pake maalumu. Kila mashine inaweza kuiweka kwenye soketi tofauti, na programu inabidi iitafute.

Nimalizie kwa CPC, kwa sababu kuna jambo moja linalothibitisha thamani ya lile jedwali la &BB00. BASIC ya 464 iliandikwa kwa mashine ya kaseti. Msimbo wake umechomwa kwenye ROM na hauwezi kubadilishwa. Ukitoa LOAD, BASIC inaita &BC77 kufungua faili, na hapo kuna RST 1 inayopeleka kwenye msimbo wa kaseti, ndani ya ROM ya chini. Ukiunganisha diski, inakuja na ROM yake, AMSDOS, inayojibu kwenye &C000 ikiitwa kwa namba 7. BASIC nayo inaishi &C000. Haziwezi kuonekana pamoja hata kidogo.

AMSDOS inapoanzishwa inabadilisha baiti za jedwali. Mahali pa RST 1 inaweka RST 3, ambayo ni mwito wa mbali: inaelekeza kwenye baiti tatu zenye anwani ya kuruka na namba ya ROM inayotakiwa. Sasa BASIC ileile, bila hata biti moja kubadilika, ikiita &BC77 inatoweka kwenye ramani, AMSDOS inachukua nafasi yake kwenye anwani zilezile, inafungua faili kwenye diski, kisha BASIC inarudishwa ilipoachwa. Inadhani imesoma kaseti yenye kasi ya ajabu.

Unaweza kuliona hili kwenye 6128 au kwenye emuleta yoyote iliyo na diski. Andika PRINT HEX$(PEEK(&BC77)) na utapata DF, yaani RST 3. Andika |TAPE, amri ya kurudi kwenye kaseti, kisha rudia mstari uleule: CF, yaani RST 1. Andika |DISC: DF tena.